Maji ya Bibi Somoe

Harufu ya mabibo yaliyooza hunirudisha Ruangwa kila mwaka, nitake nisitake. Mikorosho ikianza kuangusha, mwezi wa kumi hivi, chini ya miti hupanda utamu mkali unaokaribia uchungu, wenye nzi na nyuki ndani yake, na upepo ukigeuka unakuletea uraka, ile pombe ya mabibo, uliokwisha kuchacha kwenye ndoo za watu. Wenzangu hapa Nachingwea wakiisikia harufu hiyo wanawaza mnada wa korosho na mabati ya nyumba. Mimi nawaza kiu. Wala sisemi ile kiu ya kwenye mahubiri, ya roho. Nimelelewa na mahubiri, nayajua. Nasema kiu ya koo, ya mtoto anayelamba midomo huku akiambiwa asubiri, kwa kuwa maji yaliyomo ndani yana kazi nyingine. Mwaka ule nilikuwa na miaka tisa, na kiangazi kile ndicho kilichotumaliza.

Baba yangu alikuwa mwinjilisti wa Wabaptisti. Mmakua wa Masasi, mrefu, mkavu, mwenye koti moja jeusi ambalo Mama alilitia viraka mpaka viraka navyo vikahitaji viraka. Kanisa la Nachingwea lilimtuma akaanzishe kazi katika kijiji kimoja mbele ya Likunja, nasi tukapanda lori la mbaazi pamoja na kitanda, mbuzi mmoja na ngoma ya kwaya. Kijiji kilikuwa cha Waislamu, Wamwera wenyeji tangu na tangu, wakulima wa korosho na ufuta. Wakristo walikuwa wa kuhesabu, wengi wao wahamiaji waliotoka upande wa Msumbiji. Nisiseme uongo ili hadithi inoge: hakuna aliyetufukuza, hakuna aliyeturushia jiwe. Mwalimu wa madrasa alikuja jioni ya kwanza kumsalimu Baba, akamwonyesha mpaka wa shamba asije akalima pa mtu. Ramadhani tuliletewa futari, na Krismasi sisi tukapeleka wali. Walitupokea, wakatusikiliza kwa adabu, kisha wakaenda msikitini kwao. Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba adabu ile ndiyo iliyomshinda Baba. Mtu akikutukana utamjibu. Akikukaribisha ming'oko, vile viazi vya porini, ya moto na chumvi pembeni, utamjibu nini?

Kazi aliifanya, hilo simnyimi. Asubuhi alifundisha watu wazima kusoma ndani ya kanisa letu la miti na nyasi. Mchana baiskeli yake iligeuka gari la wagonjwa, akiwapakia nyuma wajawazito na wenye homa hadi zahanati, akirudi na vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Watu walisoma, wakapona, wakashukuru. Jumapili tulikuwa saba, na wanne kati ya hao saba tulitoka nyumba moja. Baba alipiga ngoma mwenyewe, kisha akahubiri kwa sauti ya kuwatosha watu mia, na mimi nikikaa pale mbele nikiona aibu hadi masikio yakaniwaka. Miaka miwili ilipita hivyo bila mtu hata mmoja wa kijiji kubatizwa.

Mwaka wa tatu, masika yakiwa yamekolea, wakaja wageni wa kujitolea. Vijana kumi hivi, wengine wa ng'ambo na wengine wa Dar es Salaam, wenye fulana za rangi moja na gitaa. Walikaa wiki mbili, wakacheka nasi, wakatufundisha nyimbo za kupiga makofi, na kwa tabia zao sina la kuwasema hadi leo. Walitaka kuacha kitu cha kudumu. Wakakitazama kijito kilichopita nyuma ya kanisa, kimejaa hadi kingo, vyura wanapiga kelele usiku na mchana, wakaamua kujenga birika la ubatizo. Sisi Wabaptisti tunabatiza kwa maji mengi: mtu aliyeamini mwenyewe, kwa akili zake, anazamishwa mwili mzima kama anayezikwa, kisha anainuliwa. Basi likajengwa birika la saruji lenye ngazi pande mbili, likapakwa rangi ya samawati, ubavuni likachorwa njiwa. Kila mwanamke wa kijiji kile alijua kwamba kijito kikifika mwezi wa nane hakina hata pa kulowesha kisigino, kwamba kuanzia hapo hadi mvua za mwaka mpya tunafukua mchanga na kuchuchumaa tukisubiri maji yajikusanye, kata moja, kata nyingine. Lakini wanawake walikuwa jikoni wakiwapikia wageni. Kuuliza si ujinga, wahenga wamesema, na bado hakuna aliyeuliza. Baba alikuwa amekwisha kuona viangazi viwili. Alinyamaza, kwa sababu alikuwa amekiombea kitu kama kile kwa muda mrefu mno.

Aliyelitaka birika lile alikuwa mtu mmoja tu, Bibi Somoe. Alikuwa Mmwera, mjane, msuka mikeka, jirani yetu wa nyumba ya pili. Watoto wake walikuwa wametangulia mbele ya haki. Aliyebaki naye ni Selemani, mtoto wa marehemu dada yake, mkulima mpole mwenye kilema cha mguu. Bibi Somoe alianza kuja kwenye darasa la kusoma, akisema anataka kuyaona hayo maandishi ambayo vijana huyatumia kumdanganya kwenye mzani wa korosho. Kisha akaanza kubaki Jumapili. Alikaa nyuma kabisa, akisuka, na Baba akipandisha sauti alimkatiza: "Mwanangu, unapiga kelele hivyo, huyo Mungu wako yuko Lindi?" Baba alimezea. Mimi nilimpenda kuliko nilivyompenda mtu yeyote pale. Alinifundisha kupepeta ufuta bila kumwaga, kukaa kimya bila kuchoka, na kumwambia mtu ukweli huku unacheka ili aupokee.

Jumapili moja, wageni wakiwa wameondoka siku chache tu, Bibi Somoe alisimama katikati ya wimbo akasema anataka kubatizwa. Hakueleza sana. Alisema amesikiliza, ameridhika, na hataki kufa akiwa nusu huku nusu kule. Baba alilia mbele yetu bila kujificha. Jioni Selemani alikuja nyumbani, akakaa kwenye kigoda, akizungusha kofia yake mikononi. "Mama mkubwa ni mtu mzima, ana akili zake," alisema. "Sisi hatumzuii. Naomba tu msimchezee." Baba akampa mkono, akamwahidi kwamba atabatizwa, na kwamba siku yake ikifika kanisa litamzika kama mtu wake.

Hapo kijito kilikuwa bado kinapita. Birika lilikuwa limejaa hadi ngazi ya tatu, na mimi na mdogo wangu tulikuwa tumechapwa mara mbili kwa kuogelea ndani yake. Angeweza kumbatiza Jumapili iliyofuata, na leo nisingekuwa na cha kuandika. Lakini kulikuwa na mafundisho. Kwetu mtu haingii majini kabla ya kumaliza masomo ya ubatizo, na Baba, ambaye alikuwa amesubiri mtu mmoja kwa miaka miwili, aliogopa kuliko kawaida kwamba watu watasema amemrubuni bibi kizee. Kwa hiyo akamfundisha kwa ukali. Bibi akisahau somo, wanalirudia. Akiumwa, darasa linaahirishwa. Akienda kuvuna mbaazi, linaahirishwa tena. Mama alimwita kwa jina langu, akamwambia, "Baba Neema, ngoja ngoja huumiza matumbo." Baba akajibu kwamba anayeingia upesi hutoka upesi. Somo la mwisho lilimalizika mwezi wa nane ukiwa umeshaanza, na Bibi Somoe alipokwenda kulitazama birika lake alikuta mjusi amelala juani kwenye sakafu. Alicheka sana. Alisema labda abatizwe huyo kwanza.

Mwezi wa kumi akaanza kuvimba miguu, kisha pumzi ikawa fupi. Zahanati walimpa vidonge wakashauri apelekwe hospitali kubwa, akakataa katakata. Aliomba jambo moja tu, na aliliomba kila siku, bila kulalamika, kama mtu anayeulizia mzigo wake uliochelewa kwenye gari: lini ataingia majini. Baba akatangaza kwamba tutalijaza birika kwa ndoo. Ilikuwa kazi ya kanisa, akasema, na kanisa litaifanya. Kanisa lilikuwa Mama, mimi, mdogo wangu, akina mama wawili wa Kimakonde na mzee mmoja mwenye pumu. Tulikwenda mchangani alfajiri na kurudi jua likiwa utosini, dumu kichwani, shingo inauma, na maji hayo hatukuruhusiwa kuyagusa. Wanasema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Mimi nilikuwa chungu huyo, nikiitazama bahari yangu kwenye kina cha kifundo cha mguu, nikiwa na kiu ya kulia. Siku ya tano asubuhi tulikuta tope. Jua la miezi miwili lilikuwa limeipasua saruji, ufa mwembamba kama uzi, umepita katikati ya njiwa hadi chini, na maji yote yalikuwa yamepotelea ardhini.

Baba alikaa kwenye ngazi za birika. Mama akamfuata. Mama alizaliwa Mnero, kwa Wakatoliki, akabatizwa akiwa mchanga kwa kumwagiwa maji kichwani, na alipoolewa na Baba ikambidi azamishwe upya. Kwa miaka yote sikuwahi kumsikia akilizungumzia jambo hilo. Siku ile alilizungumzia. "Mimi nilimwagiwa kikombe kimoja, na Mungu alinijua kabla hujanijua wewe. Mmwagie kikombe huyu mama apumzike." Baba akatikisa kichwa. Alisema akifanya hivyo atakuwa amemdanganya mtu anayekufa, kwamba Bibi ameomba ubatizo, naye hawezi kumpa kitu kingine akakiita ubatizo. Nimemkasirikia kwa maneno hayo karibu maisha yangu yote, na jambo baya zaidi ni kwamba sijawahi kuona uongo ndani yake. Mchana huo huo alipanda baiskeli kwenda Nachingwea kuomba gari la kanisa. Kule Nanganga mto Lukuledi huacha madimbwi hata wakati wa kiangazi. Angempeleka huko na godoro lake, amzamishe, amrudishe. Alisema siku mbili.

Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, Bibi Somoe alimwomba Mama amwinue. Chumbani tulikuwa watatu, yeye, Mama na mimi niliyekuwa nikimpepea kwa kipande cha mkeka ambao hakuumaliza. Mtungi ulikuwa pale mlangoni. Akaunyooshea kidole akasema polepole, "Mama Neema, chukua hiyo kata. Nimwagie wewe." Mama akachota. Akasimama juu yake na kata imejaa, maji yakidondokea kwenye kanga yake, na mimi nikasema moyoni, mwagia, mwagia. Kisha Mama akapiga magoti, akamshika kichwa, akamnywesha. Akamwambia, "Atakuja, Bibi. Yuko njiani." Bibi Somoe akameza kidogo, akamtazama Mama kwa muda, akasema, "Haya." Alifariki kabla ya swala ya alasiri, na Mama akabaki amepiga magoti akiwa bado ameshika kata.

Baba alifika asubuhi iliyofuata na gari. Tulisikia honi tangu mbali, anapiga kwa furaha kama wanaoleta bibi harusi, mpaka alipokunja kona akaona wanaume wamekaa kwenye mikeka nje ya nyumba ya Selemani. Selemani alimpokea vizuri, akamkalisha, akamletea kahawa. Kisha akamuuliza mbele ya mwalimu wa madrasa, kwa sauti ya chini, "Mwinjilisti, ulishambatiza?" Nilimwona Baba akitafuta neno, na najua kwamba kama angesema ndiyo hakuna ambaye angembishia, maana mambo ya kanisani tuliyajua sisi wenyewe. Akasema, "Bado." Mwalimu wa madrasa akaitikia kwa kichwa. "Basi ni wetu," akasema Selemani, na hakulisema kwa ushindi. Alilisema kama mtu anayeokota kitu alichokuwa amekiazimisha.

Ndipo maji yakaanza kuja, ya kumwosha marehemu. Sijasahau. Walikuja wanawake wa kijiji kizima, wale wa ng'ambo ya kijito ambao hata majina yao sikuyajua, kila mmoja na ndoo yake, na mpaka saa tatu madumu yalikuwa yamepangwa kutoka mlango wa uani hadi kwenye mipapai. Yangelijaza birika. Yangelijaza na ufa wake. Baba aliyatazama, na Selemani akamwona anavyoyatazama, akamwambia kwa masikitiko ya kweli, "Mbona hukusema? Tungewabebea." Hatukuwa tumewaomba. Ilikuwa kazi ya kanisa.

Msiba wa huku hauwi msiba bila watani. Wayao ni watani wa Wamwera, na wa Wamakua vilevile, na mtani ana ruhusa ya kusema penye maiti lile ambalo ndugu hawezi kulisema hata arobaini ikipita. Mtani wa Bibi Somoe alikuwa mwanamke mnene wa Kiyao aliyeitwa Binti Saidi, muuza vitumbua. Alijifunga kanga nyeusi mabegani kama koti, akachukua kata, akamkalisha mjukuu wake chini na kusimama juu yake na maji, uso umekunjamana, shingo ndefu, akimwigiza Baba. Akainua kata. Akaishusha. "Subiri kwanza," akasema kwa sauti nzito, "somo la tatu hujalijua vizuri." Akainua tena, akashusha tena. Kisha akaimba ule msemo ambao kila mtoto anaujua, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, na wanawake wakampigia makofi huku machozi yanawatoka. Hata Selemani alicheka, na hakukuwa na ubaya. Ndiyo heshima ya mwisho, marehemu asindikizwe kwa kicheko. Anayetaniwa hujikomboa kwa kucheka au kwa kutoa kitu. Baba hakuweza kucheka. Alivua koti lake jeusi, akalikunja, akampa. Binti Saidi akalipokea kwa mikono miwili, akaenda kukaa.

Makaburini Baba alikwenda, akasimama nyuma ya wote akiwa na shati tu, na walipomaliza wakamrudisha wakala naye ugali. Tuliendelea kusali, saba badala ya wanane, na sauti ya Baba ikawa ya kuwatosha watu saba. Mvua zilipokuja, kijito kilijaa hadi kingo. Akina mama wa Kimakonde wakahamia mashamba mengine, na baada ya mavuno lori la mbaazi likatupeleka tulikotoka. Wakubwa wa kanisa walimpangia Baba kazi ya kutunza bohari ya vitabu. Hakuhubiri tena.

Nilirudi kule mwaka jana kwa ajili ya harusi ya mwalimu mwenzangu. Kuna umeme, kuna bomba la maji hatua chache kutoka palipokuwa na kanisa, watoto wanaliacha linamwaga na hakuna anayewakemea. Birika limevunjwa, mawe yake yametumika kujengea choo. Wahubiri wapya hupita na spika juu ya pikipiki, wana bwawa la plastiki linalokunjwa, na mtu akiinua mkono Jumamosi, Jumapili ameshazamishwa na kupigwa picha. Wakiondoka, wale wale wanarudi walikokuwa, na hakuna anayeona ajabu. Siku zetu maji hayakuwepo na neno lilikuwa zito kuliko mtu. Siku hizi maji yapo tele na neno halina uzito hata wa ndoo. Ukiniuliza kipi bora, sijui, na nimeacha kutafuta jibu. Selemani amezeeka, alinitembeza makaburini, lakini makaburi ya zamani hayana alama tena na tulibishana kidogo kuhusu lipi ni la Bibi Somoe. Mama alifariki bila kuitaja kata ile hata siku moja. Nilikuwa nimeshamsamehe muda mrefu, na sikumwambia.

Baba ninaishi naye hapa Nachingwea. Akili imemtoka. Hanijui mimi, huniita kwa jina la dada yake. Hamkumbuki Mama, hakumbuki kama alikuwa na kanisa, na nikimwekea ngoma mbele anaigeuza geuza akiuliza ni ya nini. Kinachobaki ni swali moja, anauliza nikimwogesha, maji yakimgusa mabega: yule bibi wa Ruangwa, alibatizwa? Miaka miwili nilimwambia ukweli, na kila mara aliusikia upya, akalia upya, hadi nikahisi namwua kidogo kidogo. Wiki iliyopita nikachoka. Nilimmwagia maji mgongoni nikasema, "Alibatizwa, Baba. Ulimbatiza mwenyewe, mtoni, kwa maji mengi." Alifumba macho, nikadhani nimempa raha. Kisha akatikisa kichwa polepole, akanisukuma mkono.

"Hapana, dada," akasema. "Hilo ningelikumbuka."